Sura ya Tano: Nyuma ya Nyayo za Baba

Ukiingia Kinama, kaskazini mwa Bujumbura, unatembea juu ya ramani ya Burundi. Mitaa mingi ya hapa imepewa majina ya miji na mikoa ya nchi: Gitega, Muyinga, Ngozi, Bururi, Ruyigi, Muramvya. Mama wa Ngozi humtuma mtoto Muyinga kununua ndagala, na mtoto hurudi kabla maharage hayajaiva. Kirundi, Kiswahili na Kifaransa cha shuleni hupishana ndani ya sentensi moja. Na kwenye ligala, pale vijana wanapokaa jioni kupiga soga, anayejua kuyapanga maneno husikilizwa kuliko mwenye simu ya bei kubwa.

Gitega yenyewe, ule mji wa milimani ambao leo ni mji mkuu wa kisiasa wa nchi, ina nafasi yake katika historia ya ushairi wa Maziwa Makuu. Huko, tarehe 17 Mei 1972, aliuawa padre mwenye umri wa miaka 37, Michel Kayoya. Alikuwa ameandika vitabu viwili. Cha kwanza, Sur les traces de mon père, kinachomhusu kijana anayezifuata nyayo za baba yake, kilichapishwa Bujumbura mwaka 1968. Cha pili, Entre deux mondes, kilikuja miaka michache baadaye na kuzungumzia maisha ya watu waliosimama kati ya dunia mbili. Havikupata mwenzao wa tatu.

Warundi wengi wakisikia jina la Kayoya hukumbuka kwanza namna alivyokufa. Mapadre humtaja katika mahubiri, wanahistoria humweka kwenye orodha ya wasomi waliopotea mwaka ule, na waumini humwombea atangazwe mwenyeheri. Heshima hiyo anaistahili. Hata hivyo nashikilia kwamba tumeanza kumsoma kwa kurasa za mwisho. Waliomuua walitaka aliyekuwa na fikra na sauti yake abaki jina moja tu kati ya maelfu. Tukimkumbuka kwa kifo peke yake tunawaachia hilo walilolitaka. Ndiyo maana sura hii inaanzia kwa mtoto, kwa baba, na kwa kitabu.

Mlimani Kibumbu

Kayoya alizaliwa tarehe 8 Desemba 1934 huko Kibumbu, upande wa Mwaro, katikati ya nchi. Burundi ya wakati huo haikujitawala. Ilikuwa imeunganishwa na Rwanda chini ya jina la Ruanda-Urundi, ikiongozwa na Wabelgiji, ambao walikabidhiwa nchi hizo mbili baada ya Wajerumani kushindwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwami Mwambutsa wa Nne alikalia kiti cha ufalme, lakini kodi, kazi za lazima na amri kubwa zilitoka kwa maofisa wa kigeni.

Nchi ile ya milima haikuwa na vijiji vilivyobanana. Kila familia ilikaa ndani ya rugo yake, ua uliozungushiwa miti, na migomba na maharage yakiteremka kutoka hapo hadi bondeni. Shule ya lugha ilikuwa jioni, ng'ombe wakisharudi. Mkubwa akisema "Sokwe!", watoto huitikia "Niruze!", na fumbo hutolewa. Wachungaji waliwasifia ng'ombe kwa tungo ndefu zenye mizani ya hatua za miguu. Wanawake walikuwa na nyimbo zao za imvyino. Mpiga inanga alisimulia mambo ya wafalme na ya mapenzi kwa sauti ya chini sana, karibu ya kunong'ona, ikatembea pamoja na nyuzi za chombo chake, na mtindo huo huwashangaza wanamuziki wa nje mpaka leo.

Katika mazingira hayo baba alitakiwa ajue kusema. Baba ndiye aliyemwonyesha mtoto namna ya kusalimia, namna ya kupokea kinywaji, namna ya kuzuia hasira mbele ya watu, na namna ya kutetea haki ya jirani bila kumdhalilisha mpinzani. Mtoto aliyasikia hayo kwanza masikioni, akayaona kwenye mwili wa baba: jinsi anavyokaa, jinsi anavyonyamaza. Kayoya alipokuja kuandika, alikuwa na hazina hiyo ndani yake. Vitabu vyake viko kwa Kifaransa, lakini mapigo yake ni ya mtu aliyelelewa na midomo kabla ya kulelewa na karatasi.

Karatasi zilikuja kwa njia ya misheni. Kijana wa mlimani mwenye akili, asiyekuwa mtoto wa chifu, hakuwa na njia nyingi za kufika elimu ya juu. Seminari ilikuwa njia pana kuliko zote. Kayoya aliipitia, akafika seminari kuu ya Burasira, kisha akaenda kusoma Ulaya. Miaka hiyo nchi yake ilikuwa inabadilika haraka. Louis Rwagasore, mtoto wa mfalme aliyeongoza chama cha UPRONA hadi kushinda uchaguzi, alipigwa risasi tarehe 13 Oktoba 1961. Uhuru ulikuja tarehe 1 Julai 1962 huku kiongozi ambaye angeweza kuwaunganisha watu akiwa kaburini. Kayoya alianza kazi ya upadre na ya kulea vijana katika miaka hiyo hiyo, kijana mbele ya vijana, katika nchi changa iliyokwisha kumwaga damu.

Kitabu cha mwaka 1968

Sur les traces de mon père kilichapwa na Presses Lavigerie, mtambo wa wamisionari mjini Bujumbura. Mwandishi alikilenga kwa vijana wa Burundi wanaotafuta tunu za kuishi nazo, na alisema hivyo waziwazi katika kichwa kidogo cha kitabu. Hakukiandikia Paris wala Brussels. Msomaji aliyekuwa kichwani mwake ni yule kijana wa sekondari aliyejifunza mito ya Ubelgiji kabla ya kujua maana ya mambo ambayo baba yake anayafanya kila siku.

Umbo la kitabu lenyewe lilikuwa jambo jipya. Maelezo ya kawaida hukatika ghafla yakawa mistari mifupi ya ushairi usio na vina. Mstari wa maneno mawili, mwingine wa matatu, kisha aya nzima ya kufikiri, kisha mistari tena. Msomaji wa Kiswahili aliyezoea tarbia na utenzi anaweza kuuliza ushairi uko wapi. Uko kwenye pumzi. Ukisoma kwa sauti unatambua mkubwa wa rugo anayesema jambo moja, akanyamaza ili liingie, kisha akaongeza jingine. Kayoya aliuchukua unyamavu ule akautia ndani ya kitabu kwa kuacha nafasi nyeupe kwenye ukurasa.

Anaanza na baba. Simulizi ya utotoni inamwonyesha mwana akimtazama baba kwa mapenzi na kicho, akijifunza kwamba utu ni kazi ya kila siku. Kisha mtoto anapelekwa shule, na shule inamwambia kwamba kabla ya mzungu kufika hapakuwa na kitu cha maana. Hapo ndipo kitabu kinapowaka. Katika sehemu inayokumbukwa kuliko zote, Kayoya anaeleza alivyojisikia alipojifunza kuhusu mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885, ambako mataifa ya Ulaya yaliweka kanuni za kuigawana Afrika na hakuna Mwafrika aliyeulizwa. Anakumbuka kwamba alitakiwa kukariri jambo hilo kama somo la kawaida la historia. Kilichomchoma zaidi ya ramani ni dharau: wageni kukaa mezani na kukubaliana kwamba watu wengine wanahitaji kuokolewa, bila kuona haja ya kuwauliza wenyewe habari zao.

Hasira hiyo haikumfanya akatae kila kilichotoka nje. Alikuwa padre Mkatoliki na hakuificha imani yake. Alisoma vitabu vya Ulaya kwa moyo wote. Alichokikataa ni mtu kuvaa mawazo ya watu kama nguo ya mtumba, bila kuangalia kama inamtosha. Baba yake, anavyomchora, hakuhitaji hati ya mtu yeyote ili awe binadamu kamili. Basi mwana aliyesoma hana budi kurudi akaangalia baba alikuwa anasimamia nini, achague linalofaa kubebwa na linalofaa kuachwa, kisha aende mbele. Nyayo za kichwa cha kitabu zinaelekea mbele.

Wakati huo waandishi wengi wa Afrika Mashariki walikuwa wanapambana na jambo hilo hilo. Mwaka 1966 Okot p'Bitek wa Gulu alikuwa amechapisha Nairobi Song of Lawino, ambamo mke wa Kiacholi anamsuta mumewe aliyesoma kwa kuidharau nyumba aliyozaliwa. Okot alitumia kicheko na kejeli. Kayoya alichagua njia ngumu zaidi. Msomi aliyepotea katika kitabu chake ni yeye mwenyewe na wanafunzi wake, kwa hiyo hakuwa na mtu wa pembeni wa kumcheka. Ilimbidi aseme kwa upole na kwa ukweli, kama mtu anayejirekebisha mbele ya wadogo zake.

Wana wawili, baba wawili

Mbali kabisa na Kibumbu, tarehe 13 Aprili 1939, alizaliwa mtoto mwingine wa shamba ambaye angekuja kuanza ushairi wake kwa kumtazama baba. Seamus Heaney alizaliwa katika shamba la Mossbawn, Ireland ya Kaskazini, wa kwanza kati ya watoto tisa. Baba yake alilima na kufanya biashara ya ng'ombe. Mtoto alipata nafasi ya kusoma kwa ufadhili, akaenda shule ya bweni ya Wakatoliki mjini Derry na baadaye chuo kikuu cha Belfast. Kitabu chake kikubwa cha kwanza, Death of a Naturalist, kilitoka London mwaka 1966. Shairi linalokifungua linamhusu baba anayechimba ardhi na mwana anayeshika kalamu. Ndani yake kuna shairi jingine la mtoto anayejikwaa nyuma ya baba yake shambani.

Miaka miwili tu inatenganisha kitabu hicho na kile cha Kayoya, na hakuna dalili kwamba mmoja alimjua mwenzake. Lakini maisha yao yalifanana kwa mambo mazito. Wote wawili walikulia kwenye familia za Kikatoliki za mashambani, ng'ombe wakiwa sehemu ya heshima ya nyumba. Wote waliandika kwa lugha iliyoletwa na watawala, huku masikioni mwao kukiwa na lugha na lafudhi ya nyumbani. Wote waliondolewa shambani na shule, wakatumia elimu hiyo kuyatazama upya mashamba waliyoyaacha. Na wote waliishi katika nchi ambazo mtu angeweza kuuawa kwa kundi alilozaliwa ndani yake.

Mwaka 1972 uliwakuta wote wawili, ndipo njia zao zikaachana. Tarehe 30 Januari mwaka huo askari wa Uingereza waliwafyatulia risasi waandamanaji mjini Derry, watu 13 wakafa siku hiyo hiyo na mwingine akafa baadaye. Miezi kadhaa baada ya hapo Heaney aliondoka Belfast na familia yake, akahamia Wicklow katika Jamhuri ya Ireland, akaendelea kuandika. Mwaka 1975 alitoa North, kitabu kilichozungumzia mauaji ya nchi yake kwa kuwatazama watu wa kale waliouawa na kutupwa kwenye matope ya Ulaya ya kaskazini, ambao miili yao ilifukuliwa ikiwa haijaoza. Baadhi ya wasomaji walimlaumu, wakaona anayapa mauaji sura ya mila ya kale. Alilaumiwa, akafikiri, akabadilika, akaandika tena. Alipata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1995 na kufariki mwaka 2013 akiwa na miaka 74.

Namtaja Heaney ili msomaji apime kilichokatwa. Mshairi wa miaka 37 hajafika katikati ya kazi yake. Vitabu viwili vya mwanzo vinaonyesha tu anaelekea wapi. Kulaumiwa, kujibu, kubadilika, kuzeeka pamoja na wasomaji wake, hayo yote Kayoya hakuyapata.

Kati ya dunia mbili

Entre deux mondes kinatoka kwenye mahangaiko ya kizazi chote kilichozaliwa chini ya mkoloni na kukabidhiwa nchi. Kitabu cha kwanza kilimtazama baba. Hiki kinamtazama mwana ambaye sasa ana mshahara, ana ofisi, na ana uwezo wa kuwasaidia wengine au kuwasahau. Kayoya aliona hatari kwamba uhuru ungewanufaisha wachache waliosoma, na mlima ungebaki pale pale.

Alizipima pia siasa za uchumi zilizokuwa zinagombania Afrika. Ilikuwa miaka ya majadiliano makubwa. Jirani yao Tanzania ilikuwa imetoa Azimio la Arusha Februari 1967, na vijana wa ukanda wote walizungumza juu ya ujamaa. Kayoya hakuridhika na ubepari unaompima mtu kwa faida, wala na ukomunisti unaommeza mtu ndani ya umati. Aliitafuta njia ambayo ingeanzia kwenye undugu wa watu wa milimani bila kuwafunga humo milele. Kitabu hakitoi mpango wa serikali, na hakikuahidi kuutoa. Kinamtaka kijana aliyesoma asiwe mgeni kwa watu waliomlipia karo.

Naona hapo ndipo nguvu yake ilipo kwa msomaji wa leo. Kayoya hakuandika juu ya Wahutu kama kundi au Watutsi kama kundi. Aliandika juu ya Mrundi anayepaswa kuwa mtu. Wakati wanasiasa wanahesabu vyeo kwa kabila, padre huyu alikuwa anawafundisha vijana kujihesabu kwa tabia.

Aprili na Mei 1972

Tarehe 29 Aprili 1972 uasi uliofanywa na Wahutu ulizuka kusini, kwenye mwambao wa ziwa, Rumonge na Nyanza-Lac, na waasi waliwaua Watutsi wengi. Siku hiyo hiyo mfalme wa zamani, Ntare wa Tano, aliuawa Gitega. Serikali ya Rais Michel Micombero haikuishia kuwasaka waasi. Iliwageukia Wahutu nchi nzima, na kwanza waliosoma: walimu, makarani, wauguzi, askari, wanafunzi wa chuo kikuu, watoto wa sekondari, wakatekisti, mapadre. Waliitwa kwa majina wakiwa kazini au darasani, wakapakiwa kwenye malori, hawakurudi. Makadirio ya waliouawa ndani ya miezi michache ni kati ya watu 100,000 na 300,000. Warundi huuita msiba huo Ikiza.

Kayoya, Mhutu, msomi, padre, mlezi wa vijana na mwandishi wa vitabu, aliingia katika msako huo kwa kila sifa aliyokuwa nayo. Alikamatwa akauawa Gitega pamoja na wengine, na miili ikatupwa kwenye kaburi la pamoja karibu na mto Ruvubu. Simulizi iliyohifadhiwa na Kanisa inaeleza kwamba alikwenda akiimba utenzi wa Bikira Maria, Magnificat, na kuwatia moyo aliokuwa nao wasibebe chuki.

Hakuwa mwandishi pekee. Joseph Cimpaye, aliyewahi kuwa waziri mkuu mwaka 1961, aliuawa mwaka huo huo. Alikuwa ameandika riwaya akiwa gerezani, L'homme de ma colline, na muswada huo ulisubiri hadi mwaka 2013 kuchapishwa. Fasihi changa ya nchi ilipotezewa waandishi wake na wasomaji wake kwa pamoja, kwa sababu wale wanafunzi ambao Kayoya aliwaandikia walikuwa kwenye malori yale yale. Baada ya hapo, familia nyingi za Kihutu ziliona elimu kama njia ya kumpeleka mtoto kaburini.

Kitabu kilivuka mpaka

Mwaka 1973, mwaka mmoja baada ya kifo chake, tafsiri ya Kiingereza ya kitabu cha kwanza ilitoka Nairobi kwa East African Publishing House, nyumba ile ile iliyomchapisha Okot. Mwaka huo huo, Nairobi hiyo hiyo, Abdilatif Abdalla wa Mombasa alitoa Sauti ya Dhiki, mashairi aliyoyaandika gerezani wakati akitumikia kifungo cha miaka mitatu kwa kuikosoa serikali ya Kenya. Abdilatif alitoka gerezani Machi 1972. Washairi wawili waliokuwa wakisema na nchi zao kwa ujasiri walifikia mwisho tofauti ndani ya miezi michache, mmoja akafunguliwa mlango, mwingine akachimbiwa shimo. Msomaji wa Afrika Mashariki aliweza kuwasoma wote wawili katika duka moja la vitabu.

Maelfu ya Warundi walivuka mpaka kwa miguu. Tanzania iliwapa ardhi Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo, kwenye misitu ya magharibi, na huko watoto walizaliwa, wakasoma kwa Kiswahili, wakawa wakulima wakubwa wa mahindi na tumbaku. Wengi wao, pamoja na wajukuu wa waliokimbia, walikuja kupewa uraia wa Tanzania. Kizazi hicho kinajua Kiswahili kuliko Kifaransa, na kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya baba zao kiko katika lugha wasiyoisoma.

Nyumbani, jina la Kayoya lilirudi polepole. Tuzo ya hadithi fupi iliyopewa jina lake iliwaleta pamoja waandishi chipukizi wa Bujumbura. Roland Rugero, mwandishi wa riwaya ya Baho! ya mwaka 2012, ni miongoni mwa waliosukuma kazi hiyo, na karibu na hapo lilikua baraza la fasihi la Samandari, ambako vijana walisoma kazi zao kwa Kirundi, Kifaransa na Kiswahili na kuzijadili bila kuogopana. Mwaka 2019 Kanisa Katoliki la Burundi lilifungua rasmi kesi ya kumtangaza Kayoya mwenyeheri pamoja na wengine, wakiwamo wanafunzi 40 wa seminari ndogo ya Buta waliouawa tarehe 30 Aprili 1997 baada ya kukataa kujitenga kwa kabila walipoamriwa. Mwaka 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilitangaza kwamba mabaki ya watu zaidi ya 6,000 yamefukuliwa kwenye makaburi ya pamoja katika mkoa wa Karusi, kando ya Ruvubu. Kwa mara ya kwanza, nchi iliitazama mifupa ya 1972 mchana kweupe.

Kinama inamsoma Kayoya

Wakazi wa Kinama wanaijua historia hii kwa njia yao. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, vita vya wenyewe kwa wenyewe viliukata mji vipande. Kinama na Kamenge vikawa mitaa ya Wahutu. Ngagara, Cibitoke na mingine ikawa ya Watutsi, na barabara iliyotenganisha mitaa miwili ikawa mpaka wa kufa na kupona. Mwaka 1995 jeshi liliingia mitaa ya kaskazini na watu wakazihama nyumba zao. Kati ya Februari na Machi 2001 wapiganaji wa kundi la waasi la FNL waliishika Kinama kwa takriban wiki mbili, na maelfu ya wakazi wakakimbia na magodoro kichwani. Mkataba wa Arusha ulikuwa umetiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, kazi aliyoianza Mwalimu Nyerere na kukamilishwa na Nelson Mandela, lakini amani ilichukua miaka kufika kwenye mitaa hii.

Katikati ya hayo kulikuwa na mahali pamoja palipokataa kugawanyika. Kituo cha Vijana cha Kamenge kilianzishwa na wamisionari Waksaveri mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya vijana wa mitaa sita ya kaskazini: Kamenge, Kinama, Cibitoke, Ngagara, Buterere na Gihosha. Wakati wakubwa wao wanalengana bunduki, watoto wa pande zote walikutana hapo kucheza mpira, kuimba na kusoma maktabani. Mwaka 2002 kituo hicho kilipewa tuzo ya Right Livelihood, ambayo wengi huiita Nobel mbadala. Vijana wengi wa Kinama walimkuta Mtutsi au Mhutu wa rika lao kwa mara ya kwanza katika kiwanja cha Kamenge, wakagundua kwamba wanashangilia timu moja.

Fikra za Kayoya zilikuwa zinafanyiwa kazi pale, hata kwa waliokuwa hawajafungua kitabu chake. Alishikilia kwamba kijana hupata utu wake kwa kuishi na wengine huku akiiheshimu asili yake. Kituo kiliweka hilo katika ratiba ya kila jioni. Na vita vilionyesha upande wa pili wa onyo lake: msomi akijitenga na mlima, mwanasiasa ndiye atakayekwenda kuuchochea.

Leo Kinama ni sehemu ya tarafa ya Ntahangwa, imejaa vijana waliozaliwa baada ya vita. Wanaandika mashairi ya kusema jukwaani na mistari ya rap kwa Kirundi na Kiswahili. Kwa mtindo wao wa mistari mifupi, vituo vya ghafla na mazungumzo ya moja kwa moja na msikilizaji, wako karibu na Kayoya kuliko walivyo karibu na mashairi mengi ya vitabu vya shule. Kijana anayesimama mbele ya wenzake kueleza alivyolelewa na baba aliyerudi kutoka ukimbizini, au na mama aliyebaki peke yake, ameikuta njia ile ile aliyoipita padre wa Kibumbu.

Kwa hiyo kuna kazi ya kufanya, na haihitaji mnara wala sikukuu. Kayoya asomwe kwa sauti katika Kirundi na Kiswahili, afikie mitaa ya Kinama na Buyenzi mjini Bujumbura, afikie Katumba na Ulyankulu, mashuleni na kwenye maligala. Mwalimu amfundishe kuanzia kwa baba na rugo, apitie Berlin, afike kwenye swali la msomi na mlima, na Mei 1972 aifundishe mwishoni, wakati wanafunzi wamekwisha kumjua mtu aliyeuawa na wanaweza kupima wenyewe nchi ilipoteza nini. Wabishane naye pia wakitaka. Wamwambie baba zao hawakuwa wote wema, kwamba mama hasikiki vya kutosha, kwamba dini peke yake haikuwazuia wauaji. Mshairi aliyewaandikia vijana anastahili vijana wanaomjibu, na majibu hayo ndiyo mazungumzo aliyonyimwa akiwa hai.